Metali Tano za Mwalimu

Mtafiti alikuwa amebakiza sahihi moja tu. Bila sahihi ya Mwalimu, msimamizi wake, kufikia Ijumaa, tasnifu yake haipokelewi na miaka minne inakwenda na maji. Tabu ni kwamba sura ya tatu ilimvua Mwalimu nguo hadharani.

Huyo Mwalimu alijipatia jina kwa nyota moja, kibete cheupe, yaani kiini kidogo kinachobaki nyota ikifa, chenye joto la kutisha. Katika mwanga wake wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, alisoma mistari, alama ambazo kila metali huziacha kwenye mwanga, ya metali nzito tano: zinki, germani, arseniki, bati na risasi. Wenzake walimcheka, kwa kuwa nyota ya aina hiyo huvuta kila kizito chini. Akawaonyesha kwa hesabu kwamba mwanga wenyewe huzisukuma metali juu, wakafyata mkia.

Mtafiti aliipima upya nyota ileile kwa kifaa kikali zaidi. Nyota inaposafiri, mistari yake yote husogea pamoja, kulingana na kasi yake. Wa bati ulisogea. Ile minne haikutikisika, maana ilikuwa ya gesi iliyotanda njiani kati yetu na nyota. Mwalimu aliona uchafu wa kioo cha dirisha akadhani uko uani. Kupima kasi kungemzindua, ila alitaka kuwa wa kwanza, na haraka haraka haina baraka.

Mwalimu aliisoma sura ile hadi chai yake ikapoa. Mtafiti alihesabu vigae vya sakafu. Aliogopa, wala hakujidanganya kuwa haogopi.

“Umerudia kipimo?”

“Mara sita, Mwalimu. Samahani, hata shikamoo nimesahau.”

“Marahaba. Na bati?”

“Bati limebaki.”

Mwalimu alifungua kalamu, akaifunga tena.

“Hii sisaini, mwanangu.”

Mtafiti alinyoosha mkono kuichukua sura yake.

“Umeandika ‘huenda vipimo vya awali havikuzingatia kasi.’ Tangu lini vipimo vikawa na akili ya kuzingatia? Aliyekosea ana jina, nawe umenifichaficha kama mgonjwa. Nitaje. Kisha lete, nisaini.”

Mtafiti alirudi mezani kwake. Jina la Mwalimu aliliandika mara tatu, akalifuta mara tatu, machozi yakimlengalenga. Mara ya nne akaliacha.