Keezo la Chuma

Komeo la mlango lilikwaruza kizani, nikajua mama mkwe ameamka kunikagua. Alinimulika kwa koroboi kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile ovaroli?"

"Nimeiacha karakana."

"Ikae huko huko. Siku ukivaa suruali, mwanao Salama napanda naye milimani kwetu Bombo. Wewe ubaki ulee vyuma."

Mume wangu Eliezeri alikuwa bwawa la Nyumba ya Mungu, akivua samaki. Hapakuwa na wa kunitetea. Nikajifunga kanga, nikamshika mwanangu mkono, tukateremka hadi karakana ya shamba la mkonge.

Fundi Respicius alikuwa ananingoja. "Mama Salama, bushi hii ikitoka sawa, kazi ya keezo la umeme ni yako. Ila vaa ovaroli."

"Nitaikunja kanga vizuri, fundi."

"Haya. Mashine hii haichongi mitwangio, lakini."

Mitwangio na miguu ya viti nilikuwa nikiikereza kijijini kwa keezo la mguu: ukikanyaga, mti unazunguka, ukiinua mguu, unasimama. Hili la umeme lilikereza chuma, bushi na shafti za korona, ile mashine inayokwangua mkonge. Niliifunga bushi, pete nene ya chuma, kwenye makucha ya keezo, nikasogeza kisu taratibu, chuma kikatoka nyuzi nyuzi kama maganda ya kitunguu. Moyo ukafurahi. Ilipobaki kuipiga msasa, nikainama zaidi.

Pindo la kanga likanaswa.

Nikainua mguu.

Keezo likaendelea kuzunguka. Nikainua tena, juu zaidi, huku kanga ikinivuta kiunoni kuelekea kwenye makucha. Mikono ilisukuma meza. Kichwani hapakuwa na swichi, palikuwa na mguu tu.

Respicius ndiye aliyezima. Kanga ilikuwa imefunguka na kuviringika yote kwenye chuma, vipande vipande, nami nimebaki na shimizi. Alinirushia ovaroli akiwa ametazama ukutani. Kisha akapima bushi, akaipima tena.

"Imetoka," alisema. "Kesho njoo. Ila umenitisha, wewe mwanamke."

Jioni nilisimama mbele ya nyumba nimevaa suruali, sina nguo nyingine ya kubadili njiani. Komeo likasukumwa. Mama mkwe akaniangalia miguu, halafu akanyoosha mkono amchukue Salama.

Mtoto akaganda kwenye paja langu.

"Bibi, mashine imekula kanga ya mama."