Saa ya Profesa

Muthoka alikuwa na kipaza sauti, na mwenye kipaza sauti hapingwi. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya shuka jeupe na kuwageuzia watu Kiswahili yale ambayo Wazungu wa sinema waliyasema kwa Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la sita, na sinema nyingi zilidai zaidi ya hapo, lakini hilo halikumnyima usingizi. Pale asipoelewa, aliunga. Watu wakipigana, aliwapa sababu ya ugomvi, na mara nyingi sababu yake ilikuwa tamu kuliko ile ya filamu. Watu walimpenda. Mmoja tu ndiye hakumpenda, na kwa bahati mbaya huyo alikuwa baba yake Mwongeli.

Mzee Mbaluka alikuwa mpima mizani katika kiwanda kimoja cha ngozi pale Thika. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ametaja uzito ulivyo, hata pale wakubwa wake walipotamani uwe mwingine. Wazee wa Muthoka walipofika nyumbani kwake Gatuanyaga kumposa Mwongeli, aliwakaribisha, akawapa uji, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo kijana wenu analipwa kusema kitu hajui," akawaambia. "Siku nitamsikia akisema 'sijui', tutaongea."

Wazee wakarudi mikono mitupu. Muthoka aliumia, tena aliumia sana, kwa sababu Mwongeli alikuwa amemwingia moyoni tangu siku alipomsahihisha mbele ya ukumbi mzima, akisema kwamba huyo anayeitwa mwizi mbona ndiye mwenye duka. Ukumbi ulicheka. Muthoka naye alicheka, na tangu hapo hakuona msichana mwingine.

Basi mwaka ule wa hamsini na saba likaletwa sanduku lenye filamu ya ajabu. Ndani yake mlikuwa na profesa wa fizikia, nywele zimemsimama kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Profesa aliandika ubao mzima kwa chaki, tarakimu juu ya tarakimu, akahutubia wenzake, kisha akaunda chombo cha kuruka mpaka kwenye nyota. Alimuaga binti yake mdogo, akapanda, akapotelea angani. Aliporudi alikuwa vilevile, hana hata mvi moja. Langoni akapokewa na mama kikongwe mwenye kichwa cheupe pe, aliyemwangukia kifuani akilia.

Jumamosi waliionyesha Ruiru, katika stoo ya shamba moja la kahawa. Ubao ulipotokea, Muthoka hakuelewa hata robo. Akatazama wachuma kahawa waliojaa mbele yake, akasema bila kupepesa, "Profesa anapiga hesabu ya dawa ya ugonjwa wa kahawa!" Walipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mabati. Na nyota je? Dawa yenyewe inaota huko. Na yule kikongwe? Mama yake mzazi, nani mwingine? Akina mama wakafuta machozi. Ndung'u, fundi wa mashine ya sinema, alicheka nusura aunguze filamu.

Jumapili ilikuwa zamu ya Thika. Siku hizo za hali ya hatari mikusanyiko ya usiku haikuruhusiwa, kwa hiyo sinema ilianza saa tisa mchana, madirisha ya ukumbi yakiwa yamezibwa kwa magunia. Muthoka alipoingia alimwona Mzee Mbaluka mstari wa kwanza, kofia juu ya goti. Mwongeli akaondoka kando ya baba yake kama anayekwenda kuchota maji kwenye pipa, akapita karibu na mashine.

"Baba alikuwa Ruiru jana," alinong'ona.

"Ruiru? Kufanya nini?"

"Alienda na baiskeli. Alisimama nyuma kwa mlango, akakusikiza yote." Mwongeli alikunywa maji polepole. "Usiku mzima ameniuliza kama kahawa inaota kwa nyota."

Akirudia ya kahawa, atakuwa mwongo mara mbili. Akitunga nyingine, mzee ataziweka zote mbili kwenye mizani. Na akikiri ujinga mbele ya watu mia mbili, tajiri wake, aliyemwajiri kwa ufundi wa kutopungukiwa na maneno, huenda akamtafuta mwingine. Njia mbili zilimshinda fisi. Yeye alikuwa na tatu.

Ndung'u akawasha mashine. Mwanzo ulikwenda vizuri, kisha ubao ukatokea. Profesa akaanza kusema, na kipaza sauti kikanyamaza.

"Sema, bwana!" mtu akapiga mluzi. "Anasema nini?"

Muthoka akakisogeza kipaza sauti mdomoni. "Anasema mtu akienda mbio sana, karibu sawa na mwendo wa mwanga, saa yake inatembea polepole. Maneno nimeyasikia. Maana yake... wazee, maana yake sijui."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. "Leo umeishiwa!" mmoja akapaza sauti. Lakini kwa kuwa kamba ilishakatika, Muthoka akaona heri auangushe mzigo wote.

"Na jana niliwadanganya watu wa Ruiru. Niliwaambia anatafuta dawa ya kahawa. Hakuna kahawa hapa."

Wakacheka tena, safari hii bila kumdharau. Filamu ikaendelea mpaka langoni, kwa kikongwe na kijana.

"Huyu nilisema ni mama yake," Muthoka akasema. "Lakini anamwita baba. Ni yule mtoto wake. Inawezekanaje mtoto azeeke na baba abaki kijana, sijui pia."

"Zima hiyo mashine kidogo," ikasema sauti ya mstari wa kwanza.

Ndung'u akazima, akafunua gunia la dirisha moja. Mzee Mbaluka alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mimi niko na hiyo maana," alisema. "Nilienda vita na Keya, jeshi ya Mwingereza, kwanza Habeshi, halafu Burma. Miaka tano. Wakati naenda, huyu msichana alikuwa ananyonya. Huko siku zote ni moja, matope na mvua, na mimi kila jioni nafikiria mtoto ananyonya. Kwa kichwa yangu hakuongeza hata siku moja. Nikarudi. Nikakuta mtoto mkubwa anachunga ndama. Nikamwita, akatoroka. Akaenda kujificha nyuma ya ghala, akaambia mama yake kuna mtu mgeni." Akavaa kofia, akaivua tena. "Saa yangu ilikuwa polepole. Yake ilikimbia. Jana niliona yule mama analia nikajua huyo ni mtoto. Huyu kijana akasema ni mama, nikakasirika mpaka sikulala."

Hakuna aliyecheka. Mwongeli alikuwa akimtazama baba yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Miaka yote hiyo hakujua kwamba kulikuwa na siku alimkimbia.

Ndung'u akaiwasha mashine tena, na watu wakalia mpaka mwisho. Sinema ilipokwisha, walitoka nje wakibishana kuhusu saa na mwanga kwa furaha kubwa, kila mtu sasa mwalimu. Mzee Mbaluka alimsubiri Muthoka karibu na baiskeli yake.

"Yule mtoto wa sinema," alisema, "pale mwisho kabisa, aliambia baba yake nini?"

Muthoka alilijua jibu ambalo mzee angelipenda. Lilikuwa tayari mdomoni, tamu, na hakuna binadamu angeweza kulipinga. Akalimeza.

"Sikusikia, mzee. Watu walikuwa wanalia."

Mzee alimkazia macho kama anayesubiri mshale wa mizani utulie. "Waambie wazee wako walete mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba," akasema. "Posa yao nimeikubali."

Muthoka akamshika mzee mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru. Mzee akaishika baiskeli aondoke. Lakini Mwongeli alitangulia, akaichukua kofia mkononi mwa baba yake, akaipangusa vumbi na kumvisha kichwani, taratibu.

"Mimi najua alimwambia nini," alisema. "Alimwambia, 'Baba, nilikuwa mdogo, sikukujua. Twende nyumbani.'"