Mjomba wa Farida

Asubuhi Sekela alipobisha hodi, Twalib alikuwa amechuchumaa kwenye jiko la mkaa nje ya chumba chao, anakaanga chumvi. Ilipopata moto aliimimina kwenye kitambaa, akafunga fundo, akaujaribu moto wake kwenye shavu lake mwenyewe kwanza, ndipo akalikandamiza taratibu kwenye goti la Farida. Farida alikuwa na miaka sita na ugonjwa wa selimundu, na baridi ya Julai ilikuwa imemwingia mifupani. Kukanda ilikuwa kazi ya baba yake. Jovina, mama yake, alikuwa na mkono mzito, mkono wa msusi, na mtoto alikuwa amemkataa waziwazi.

Sekela alikuwa mhudumu wa Tegemeo, mpango uliowapa kadi ya matibabu watoto wagonjwa wa familia zisizojiweza. Kwa kadi ile Farida alipata dawa zake, na kitanda hospitalini pindi maumivu yalipomzidi. Bila kadi, kulikuwa na chumvi. Sekela alikaribishwa kigoda na chai, akafungua kishikwambi chake akaanza maswali: mnakula mara ngapi, maji mnachota wapi, choo mnachangia na nani. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kwamba mwaka huu kuna swali jipya.

"Hapa kuna mwanaume mwenye nguvu za kufanya kazi? Maana dada yangu, mtoto akiwa anaishi na baba yake, familia inatoka kwenye mpango. Baba anatakiwa ahudumie."

Nguvu Twalib alikuwa nazo, kilichokosekana ni kazi. Alikuwa kibarua wa kufyatua tofali kule Mbande, na tofali zilifyatuliwa pale mwenye kiwanja alipojisikia. Kishikwambi hakikuwa na sehemu ya kujaza hivyo. Ndoa pia hawakuwa nayo. Yeye alikuwa Mwislamu wa Mbagala, Jovina Mkatoliki wa Muleba, na tangu Farida azaliwe kila upande ulikuwa unasubiri upande wa pili ubadili dini. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Jovina alimtazama Sekela, akamtazama mtoto.

"Huyu ni kaka yangu," akasema. "Mjomba wa mtoto. Kaja kunisaidia tu."

Hakumuuliza Twalib kwanza. Baadaye hilo ndilo lililomrudia Jovina kuliko yote: kwamba Twalib mwenyewe alikuwa pale pale, amepiga magoti mbele ya binti yake, na yeye hakumgeukia hata kwa jicho. Twalib aliendelea kukanda.

"Ndiyo, mie mjomba," akasema.

"Mjomba anaruhusiwa," Sekela akajibu, akabonyeza.

Yalianza meno. Twalib alikuwa na meno yaliyobanana vizuri, na haikupita wiki ukafunguka mwanya katikati ya yale mawili ya mbele, mwanya wa ukoo wa kina Jovina, aliokuwa nao mama yake na shangazi zake wote. Masikio yakafuata, kisha pua. Jovina aliona, akaendelea kusuka watu. Siku moja Elinaza, jirani na mteja wake, akiwa amekaa chini katikati ya magoti yake, alimwona Twalib anapita na ndoo ya maji.

"Naona na wako keshaanza," akasema.

"Ana wiki ya pili."

"Wangu alianzia kwenye sauti. Alipomaliza kuwa mjomba nikashindwa kuvumilia, nikasimama kwenye mkutano wa mtaa, nikasema mbele za watu: huyu ndiye baba. Hata kukaa sijakaa, kesharudi alivyokuwaga, na kipara chake."

"Na kadi?"

"Si wakaifuta hapohapo! Mtoto ana kifafa, sasa hivi tunahangaika naye tu. Usinibane sana hapo kisogoni, mwenzangu."

Kwa kweli mtaa wao ulikuwa umejaa wajomba kipindi kile. Siku za mechi, watu walipokuwa wanamiminika kwenda uwanjani Chamazi, walipita vibarua, makonda na mafundi viatu, kila mmoja na mtoto begani, na ungesikia mjomba huku na mjomba kule. Neno baba lilisikika kwenye nyumba zenye geti.

Farida aliendelea kumwita baba kwa muda. Twalib mwenyewe ndiye aliyemrekebisha, kwa upole, huku anamkanda.

"Baba yako hayupo, mama. Mie mjomba wako."

"Haya mjomba," Farida akasema. "Hapo hapo. Usitoe."

Msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa kwao Jovina, ulipofika, Twalib, ambaye zamani alikuwa anatoka nje Jovina akifungua kopo lake, aliuliza kama mama yao kule Muleba ameshawatumia. Jumapili alikutwa kaamka mapema anapiga pasi shati, wakaenda wote kanisani, akaimba besi nyimbo zote bila kitabu. Jioni moja walipokuwa wanakula, alicheka peke yake akasema, "Unakumbuka nilivyoanguka kutoka kwenye mbuni wa kahawa, ukanibeba mgongoni mpaka zahanati?"

Jovina hakuwahi kuwa na kaka. Kwao walizaliwa wasichana watupu. Alifungua mdomo amwambie hivyo, na akajikuta anakumbuka: uzito wake mgongoni, na damu ya goti lake kwenye sketi yake ya shule.

"Ulikuwa mzito," akasema.

Siku ile Twalib alifunga khanga katikati ya chumba, akatandika mkeka upande wa pili, akasema haipendezi watu wazima, dada na kaka, kulala bila pazia. Jovina alilia upande wake bila kutoa sauti. Alijiona mwizi. Alikuwa amemwibia mtoto baba, na kilichomchoma zaidi ni kwamba alianza kuona aibu hata kumkumbuka yule mwanaume aliyekuwa wake.

Bi Mwamvita, mama yake Twalib, alipoona miezi inakatika na mwanawe hatokei Mbagala, alijitanda akamfuata. Mlangoni alimpita Twalib anakoleza jiko, akamuuliza kama mwenye nyumba yupo, akaingia. Jovina alimwamkia kwa magoti, akamweleza kila kitu, tangu chai ya Sekela hadi pazia. Alitegemea kutukanwa, na angeshukuru. Bi Mwamvita alisikiliza mpaka mwisho.

"Kadi inafanya kazi?" akauliza.

"Inafanya, mama."

Akamwita Farida, akamshika uso kwa mikono miwili. Kipaji kile kipana cha uso na macho yale ya Twalib sasa yalikuwa yamebaki hapo tu. Alimtazama muda mrefu, kisha akaaga.

Mkutano wa kuhakiki familia za Tegemeo ulikuwa Jumamosi, uwanjani mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Jovina alikuwa ameamua kusema. Alilifanyia mazoezi neno baba akiwa anasuka, akiwa anafua. Lakini siku chache kabla, Farida alizidiwa, akaongezewa damu, akawekewa oksijeni, na alitoka hospitali Ijumaa akiwa amemwegemea mjomba wake, bado ana plasta mkononi pale ilipoingia dripu. Hakuna aliyewadai kitu getini. Kadi ilimaliza kila kitu.

Godlisten, mwenyekiti wa mtaa, aliita familia moja moja. Sekela alikaa pembeni yake na kishikwambi.

"Mama Farida. Yule mwanaume aliyeko kwako ni nani?"

Twalib alikuwa amekaa kwenye benchi, Farida mapajani, kamfunika miguu na khanga kwa sababu ya upepo. Alimtabasamia Jovina kwa ule mwanya wa kwao, kumpa moyo, kaka mwema anayejua dada yake haogopi kitu kama kusimama mbele za watu. Jovina alisikia neno limefika kwenye meno yake. Akaiona ile plasta.

"Kaka yangu," akasema. "Tumbo moja."

"Wananchi, ni kweli?"

Mikono ikanyooka. Elinaza alinyoosha wa kwake huku anatazama chini. Sekela alikuwa anamjua Twalib tangu ana uso wa kwanza, akabonyeza vilevile. Nyuma kabisa, kwenye kivuli cha ukuta, ulinyooka mkono mmoja mkavu kutoka ndani ya baibui. Bi Mwamvita hakuwa mkazi wa mtaa ule, lakini hakuna aliyemzuia. Aliunyoosha mpaka mwenyekiti alipoandika, na ulikuwa wa mwisho kushuka.

Waliondoka naye kwenda nyumbani. Jovina alikaa kwenye ndoo nje, akaanza kuchagua mchele ambao ulikuwa umeshachaguliwa. Alijua mwakani ataulizwa tena, na alijua atakavyojibu.

Twalib alileta chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," Bi Mwamvita akasema, kama mtu mzima yeyote anavyomjibu kijana yeyote. Farida alikuwa amemlalia mapajani, naye anampapasa kipaji.

"Umetokea wapi, mama?"

"Mbagala. Kizuiani."

"Mie kule sijawahi kufika."

Bi Mwamvita aliweka kikombe chini, akaanza kumwelekeza. Ukishuka kituoni unavuka barabara, unaupita msikiti, unakuta mama anakaanga mihogo, hapo unakata kushoto. Nyumba ya tatu, mlango wa bluu.

"Huwezi kupotea," akasema. "Ni mlango mmoja tu wa bluu pale. Aliupaka mwanangu."

"Kijana mzuri huyo," Twalib akasema, akamwongezea chai.