Mshika Sufuria

Watoto watatu wenye sare walipopiga hodi, nilidhani wametumwa kuandikisha kaya maskini. Nikawawahi kabla hawajaketi: mimi si maskini. Nina shamba la mahindi na ulezi hapa Ufipa, pembezoni mwa Izia, nina kuku, nina nyumba ya tofali za kuchoma, nina watoto wanne na wote wananipigia simu. Sikuwaambia kwamba wanapiga Jumapili baada ya misa, wananiuliza nimekula nini, na nikishajibu tu salio linawaishia.

"Hapana, bibi," akasema binti aliyekuwa mbele, mwembamba, mwenye mwanya. "Sisi ni wa shule. Madam Lydia ametuambia tutafute mtu, tumuulize kinachomsumbua, halafu tumtengenezee kitu."

"Kitu gani?"

"Hatujui bado. Madam amekataza kujua kabla ya kusikiliza."

Nikacheka. Tangu nizaliwe sijaona mwalimu wa kukataza wanafunzi kujua. Binti mwenyewe aliitwa Herieth, wa kidato cha kwanza, na wenzake walikuwa Meshack na Anjela. Meshack ndiye aliyenieleza kazi yao, kwa kasi ya mtu anayemaliza rozari ili akacheze mpira: kwanza unamsikiliza mtu, halafu unalitaja tatizo lake kwa sentensi moja, halafu unabuni njia nyingi hata za kijinga, halafu unatengeneza mfano kwa vitu vya kuokota, halafu unampa aujaribu. Akiukataa, unarudi nyuma.

"Sasa, bibi," Herieth akauliza, "nini kinakusumbua?"

Kisha akanyamaza, akanitazama, akangoja.

Mume wangu Marselino tulimzika mwaka jana wakati wa mavuno. Watu wamenipa pole, wamenipa unga, jumuiya imekuja kusali sebuleni kwangu mpaka viti vya jirani vikaazimwa. Lakini hakuna aliyeniuliza swali hilo akangoja jibu. Ningeweza kusema nyumba imekuwa kubwa mno. Ningeweza kusema kwamba asubuhi nyingine mtu wa kwanza kuongea naye ni jogoo. Lakini mtu mzima haanzi kumlilia mtoto wa watu aliyemwona leo, tena Meshack na Anjela walikuwa wanapigana viwiko huko nyuma. Macho yangu yakakimbilia jikoni, yakakutana na sufuria.

"Ugali," nikasema. "Ninaposonga, sufuria inazunguka."

Haukuwa uongo. Ugali wa ulezi hausongwi kwa kubembeleza. Unga ukishashika, sufuria inaufuata mwiko, inazunguka juu ya mafiga, na siku ikiamua inakumwagia yote majivuni. Wengine wanashikiwa na watoto wao. Mimi nilishikiwa na Marselino. Alikuwa anakuja jikoni na fimbo yake yenye panda, anakaa kwenye kigoda, anaibana sufuria, mimi nasonga. Majirani walicheka wakachoka. Mwanaume mzima jikoni! Wakasema nimemlisha limbwata. Yeye aliwajibu kwamba kama limbwata ndilo linaloleta ugali wa moto, basi aongezwe. Na pale kwenye moshi ndipo tulipozungumzia kila kitu: mtoto gani aendelee na shule, ng'ombe gani auzwe, ndugu gani asamehewe. Tukishanawa mikono kula, maneno yalikuwa yameisha.

Hayo sikuwaambia. Nilisema tu, "Aliyekuwa ananishikia amefariki."

"Pole, bibi," akasema Herieth.

"Basi tatizo ni sufuria kuzunguka," akasema Meshack, na sentensi yao moja ikawa imepatikana.

Jumamosi iliyofuata wakaleta mfano wa kwanza. Ulikuwa wa maboksi ya sabuni, wamefunga kwa gundi ya karatasi. Nikawauliza kama shuleni kwao moto hauunguzi maboksi. Anjela akasema ni wa kutazama umbo tu, bibi. Tukautazama umbo. Wa pili ulikuwa wa mbao, ukashika moto kona moja, tukaumwagia maji huku tunacheka, na moyoni nikajua kwamba kicheko kile ni cha kwanza kutoka jikoni kwangu tangu msiba.

Baada ya mbao, Anjela akapata kwaya na Meshack akapata timu. Akabaki Herieth.

Huyo ni mtoto wa Muze, kule bondeni upande wa ziwa Rukwa, kwenye joto. Alikuja mjini kusoma, anakaa kwa shangazi yake mwenye duka, mtaa wa Katandala. Baridi yetu ya mwezi wa sita ilikuwa inamtesa. Alikuja kwangu na sweta mbili na bado meno yanagongana. Nilimtania kwamba watu wa bondeni wakipanda huku juu damu inaganda kama mafuta ya ng'ombe. Akacheka, akasogea motoni. Darasani, akaniambia siku moja, wanamwita Joto. Alilisema kwa wepesi, nami nikalipokea kwa wepesi, nikamwongezea maharage.

Maana kila jaribio lilihitaji ugali, na ugali ukishasongwa lazima uliwe. Na kifaa kilipokuwa kwa fundi wa kuchomelea, Herieth alikuja vilevile, akasema anapima, akachukua fimbo ya Marselino iliyokuwa imeegemea ukutani, akaibana sufuria mwenyewe. Hakujua fimbo ni ya nani. Sikumwambia.

Mfano wa nondo ulipokuja, ulikuwa mzuri. Lazima niseme ukweli. Ulikuwa na miguu mitatu, kulabu mbili za kubana ukingo wa sufuria, na ubao wa kukanyaga kwa mguu. Nikakanyaga, nikasonga. Sufuria haikutikisika hata kidogo. Herieth akashika mdomo kwa furaha. Mimi nikaingiwa na baridi kuliko hata yeye.

"Inayumba," nikasema.

Akapiga magoti akatazama. "Sioni, bibi."

"Anayesonga ni wewe au mimi?"

Akakibeba kifaa mgongoni akarudi nacho mjini. Jumamosi nyingine akakileta, nikasema ubao mfupi. Ukarefushwa, nikasema chuma kizito. Kikapunguzwa, nikasema kulabu zinanuka kutu na ugali unapokea harufu. Alinitazama kwa muda, akanusa kulabu, akasema, "Sawa, bibi." Hajanijibu vibaya hata siku moja. Ni afadhali angenijibu.

Kisha akaja siku isiyo Jumamosi, jioni, macho mekundu. Ijumaa kungekuwa na maonyesho ya shule mjini, na kikundi bora kingekwenda Mbeya. Wao walikuwa hawana cha kuonyesha. Mlengwa wao, yaani mimi, hajaridhika, na Madam haruhusu kifaa ambacho mlengwa hajakikubali. Meshack na Anjela, ambao moshi wangu walishausahau, walikuwa wamemgeuzia kibao mbele ya darasa zima. Eti bibi yake ni mkorofi na yeye hajui kusikiliza.

"Bibi, naomba uniambie kweli," akasema. "Kina kasoro gani?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mtoto anasimangwa shuleni ili mimi nisile peke yangu.

"Hakina kasoro," nikasema. "Kinatosha."

Akanikumbatia, akaondoka mbio kabla giza halijaingia. Alisahau kula.

Ijumaa nikavaa kitenge changu cha Pasaka. Uwanjani palikuwa na meza, mabango, watoto wamesimama wima kama wanasubiri kipaimara. Wakaniwekea jiko la mkaa, kile kifaa, sufuria na unga wa ulezi, na mimi nikasonga mbele ya watu kama niliyeanza kazi hotelini. Herieth alieleza kila hatua kwa sauti isiyotetemeka. Meshack na Anjela walisimama pembeni yake wakitabasamu, kama ndio walioungua vidole. Jaji, baba mmoja mwenye tai, akainama akatazama kulabu, akaridhika.

"Na zamani, mama, alikuwa anakushikia nani?"

"Mume wangu. Ni marehemu."

"Ooh, pole sana." Kisha akageukia watu, akapandisha sauti. "Mnaona ubunifu? Sasa mama huyu hahitaji mtu tena!"

Wakapiga makofi. Na mimi nilikuwa nimeapa kunyamaza, nilikuwa nimekuja kumsaidia mtoto, lakini mwiko ulisimama wenyewe.

"Sufuria ndiyo haihitaji mtu," nikasema. "Mimi nahitaji."

Makofi yakaisha. Jaji akakohoa, akatabasamu kwa adabu, akahamia meza ya pili, penye chombo cha kunyweshea kuku. Nilimsikia Meshack akisema bibi ametuharibia. Herieth alinitazama, uso umefunguka, kama mtu aliyetajiwa jibu la hesabu baada ya karatasi kukusanywa. Sikuweza kumtazama. Nikanawa mikono, nikarudi nyumbani kwa miguu nikiikataa lifti ya Madam Lydia, upepo wote wa Ufipa usoni.

Mbeya walikwenda wale wa kuku.

Kifaa waliniachia, maana ni changu. Nikakitumia. Kilishika sufuria imara, hakikuyumba, hakikunuka, hakikuuliza chumvi iko wapi. Nilisonga nikamaliza upesi kuliko nilivyowahi kumaliza maishani, nikakaa na ugali wangu mbele yangu, nikalia. Jumamosi ikapita bila hodi. Nikasema ndiyo malipo yangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Jumamosi nyingine nilikuwa sijawasha hata moto pale niliposikia, "Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba." Nikatazama mikono yake. Haikuwa na kitu. "Kifaa bado ni kizima. Umefuata nini?"

"Madam amesema hatukukosea kifaa. Tulikosea mwanzoni. Tuliisikiliza sufuria." Akakanyagakanyaga vumbi la mlangoni. "Amesema kikundi kirudi kwako. Wenzangu wamegoma."

"Kwa hiyo umetumwa."

"Wiki iliyopita nilitumwa, sikuja. Leo sijatumwa."

Nikamsogezea kigoda, nikaanza kuchochea kuni ili nipate pa kuangalia. Alikaa, akajikunyata ndani ya sweta zake mbili, na bila mimi kuuliza akasema, "Kwa shangazi wanakula mapema, kabla sijatoka shule. Changu kinafunikwa na sahani. Nakula dukani nyuma, kwenye magunia. Huku ndiko nilikuwa nakula na mtu."

Nikamtazama. Wiki zote zile mtoto huyu amekuja kwangu akiuliza, akipima, akipiga magoti kwenye majivu kutafuta kasoro ambazo hazikuwepo. Alipiga magoti akijua hazikuwepo, sasa niliona. Naye alikuwa anaziokoa Jumamosi zake. Na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilijua anaitwa Joto darasani, nikamwongezea maharage, nikarudi kuyahesabu mateso yangu. Sikumuuliza hata mara moja.

Maji yalikuwa yamechemka. Nikakitoa kile kifaa, nikakipeleka uani nikakiwekea ndoo ya kuku juu yake, na kuku wakakipenda. Kisha nikaichukua fimbo yenye panda ukutani, nikampa.

"Hii ilikuwa ya babu yako Marselino," nikasema. "Bana vizuri. Ulezi hauna utani."

Akaibana sufuria kwa mikono miwili. Nikamimina unga, nikashika mwiko, nikamtazama.

"Haya, mjukuu wangu. Nini kinakusumbua?"

Kisha nikanyamaza, nikangoja, kama alivyonifundisha. Alipoanza kusema, nikaanza kusonga, polepole, ugali usiive upesi.