Mwenye Msiba Yuko Wapi?

Dafrosa alikuwa amechoka kabla hata hajashuka kwenye gari. Wiki mbili tangu afike Minnesota kumtembelea bintiye, Wema, mwili ulikuwa bado haujajua usiku ni upi na mchana ni upi. Lakini uchovu huo ulikuwa mdogo. Mkubwa alikuja nao kutoka Ngara.

Mdogo wake, Francis, alikuwa akisubiri neno moja kutoka kwake. Dada yao Imaculata aliolewa Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, na tangu mauaji ya mwaka tisini na nne hakuna aliyemwona, wala maiti yake haikupatikana. Sasa mwaka wa pili ulikuwa unakatika. Wazee wa ukoo walitaka msiba umalizwe kama ulivyomalizwa siku zote kwa mtu aliyepotea: ukatwe mgomba, uvikwe sanda, uzikwe badala ya maiti. Ila mtoto mkubwa wa tumbo moja na aliyepotea asiporidhia, mgomba haukatwi. Mkubwa alikuwa Dafrosa.

"Nikizika mgomba nimemwua kwa mkono wangu," alimwambia Francis, akapanda ndege.

Jumamosi hiyo aliyewatoa nyumbani ni mjukuu wake, Valentina, wa miaka kumi. Darasa lao lilikuwa limetembelea makumbusho madogo pale Saint Louis Park, ya Wayahudi waliouawa na Wanazi huko Ulaya, naye aling'ang'ania Bibi ayaone. Wema alikuwa ametoka kwenye wiki nzima ya kazi ofisini Plymouth. Hakuwa na nguvu ya kubishana na mtoto.

Mlangoni mzee mmoja mwenye sweta aliwapa karatasi. Ndani kuta zilijaa picha: maharusi, watoto wa shule, mwuza mkate mbele ya duka lake. Dafrosa alisimama mbele ya wanawake waliopanga foleni na vifurushi mikononi.

"Hawa wanakwenda wapi?"

"Kuuawa, Mama."

"Wote?"

"Wote."

Dafrosa akageuka, akatazama huku na huku. "Mwenye msiba yuko wapi?"

"Mama, hapa si matangani. Ni makumbusho. Watu wanapita, wanatazama."

"Wanatazama marehemu wa watu bila kumpa mkono hata mtu mmoja? Sikulelewa hivyo."

"Mama, please. Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Si ndicho walichokuja kufanya?"

Valentina alicheka, kisha akasema kwa Kiingereza, kama alivyozoea kumjibu bibi yake, kwamba yule mzee wa mlangoni, Mark, ni mmoja wa waliofiwa. Aliwasimulia siku ile darasa lao lilipokuja. Dada yake yumo kwenye picha.

Dafrosa alirudi mlangoni. Alikaza kitenge chake mabegani, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, baba. Poleni na msiba."

Mzee akamtazama Wema. Wema, uso ukimchoma kwa aibu, alitafsiri: kwetu mtu hawezi kupita msibani bila kumpa pole mwenye msiba. Mzee hakuuchomoa mkono wake. Kwa mguu alivuta kiti.

"Mwambie mama akae," alisema. "Mwaka wa tano huu nakaa mlangoni hapa. Wengi huniuliza choo kiko wapi."

Wakaketi kwanza, kama inavyopasa msibani. Kisha Dafrosa akauliza, "Dada yako mlimzika wapi?"

"Mama, siwezi kuuliza hilo."

"Uliza."

Mzee hakuchukia. Walitenganishwa stesheni ya treni, alisema, dada akiwa na miaka kumi na tisa. Jiwe lenye jina lake lipo makaburini, mji huu huu. Chini yake hamna mtu.

"Uliliweka lini?"

"Baada ya miaka ishirini na sita. Kila nilipotaka kuliweka, niliona kama ninamfungia mlango naye yuko njiani."

Wema alitafsiri, na Dafrosa akauliza tena.

"Hukuona kama umemwua wewe?"

"Siku ya kwanza niliona hivyo. Kisha nikakumbuka kwamba waliomwua ninawajua sura." Alifuta miwani yake kwa ncha ya sweta. "Nilirudi nyumbani nikalala siku mbili. Mke wangu alidhani nimeugua. Nilikuwa nimechoka tu, mama. Kusubiri ni kazi."

Dafrosa alisogeza kiti chake karibu zaidi na mzee.

"Na mimi nina dada," alisema mwishowe. "Anaitwa Imaculata."

Mzee alijaribu kulitamka jina, akaliharibu. Dafrosa akamsahihisha mara mbili, mpaka akalipata.

Hawakumaliza kuzunguka. Walipofika nyumbani, Dafrosa hakuvua hata koti; alimwambia Wema ampigie Francis huko Mwanza alikohamia kikazi, ambako sasa watu walikuwa wamekwisha kula chakula cha usiku.

"Shikamoo, dada! Huko baridi imekuacha mzima?"

"Marahaba. Francis, kateni mgomba."

Simu ilikwaruza. "Unasema, dada?"

"Kateni. Lakini msinikatie mfupi kwa haraka zenu. Imaculata alinizidi urefu."

"Alikuzidi kiasi gani? Nimesahau, dada. Nisamehe."

Dafrosa alivua viatu, akasimama ukutani na kuinua kiganja juu ya kichwa chake, pale macho yake yalipozoea kumtafuta Imaculata. Wema alipiga magoti na tepu ya kushonea, akapima kutoka sakafuni kwenda juu.

"Futi tano na inchi tisa, Mama."

"Pima tena," alisema Dafrosa. Mkono ulikuwa umeanza kumuuma, lakini hakuushusha.