Funguo za Maduka ya Watu

Kila asubuhi nafungua maduka ya watu kabla ya kufungua langu. Nina kishada cha funguo mfukoni, na nikitembea nalia kama mbuzi aliyefungwa kengele. Nafungua la vyombo, nafungua saluni, nafungua la fundi viatu. Nafagia, nanyunyiza maji barazani kutuliza vumbi, kisha naenda kuketi kwenye cherehani yangu mwisho wa safu. Ndani ya maduka hayo hamna kitu, ni rafu tupu na mijusi.

Wapo wanaosema nimechanganyikiwa. Waseme. Mtaani wananiita Mama Pilipili, na sijawahi kuuza pilipili. Safu yetu ilikuwa na desturi: ukipata dharura, hata ya msiba, unamwachia jirani ufunguo, naye anakufungulia mlango asubuhi, safu isiwe na pengo. Mlango uliofungwa humfukuza hadi mteja wa jirani, ndivyo alivyotufundisha mzee mwenye majengo, Mungu amrehemu. Baadaye likajengwa lile jengo la vioo kule barabara kuu, lenye ngazi zinazopanda zenyewe, na watu wote wakaenda kupanda ngazi. Majirani wakafunga mmoja mmoja, na kila mmoja akaniachia ufunguo akisema, "Nishikie kidogo tu." Kidogo gani hicho kisichoisha?

Wa mwisho kuondoka alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, fundi viatu. Watu walimpa jina la Njoo Kesho. Hajawahi kumrudishia mtu kiatu siku ileile aliyokileta. Hata kama ni msumari mmoja wa kugonga, atavaa miwani, atakigeuzageuza kiatu, kisha atakwambia njoo kesho. Tuligombana ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo, mimi nikilalamikia nyundo yake, yeye akilalamikia mdomo wangu. Alipoondoka nilimkumbuka. Nasema kweli, niliikumbuka hata ile nyundo iliyokuwa ikinipasua kichwa.

Basi siku moja ikaingia simu. Alikuwa binti wa yule mzee, aliyerithi majengo. Amekulia mbali, hakuna hata mmoja wetu aliyemtia machoni.

"Mama Pilipili, kuna watu wa matairi wanataka safu nzima wafanye stoo," akasema kwa upole. "Jumamosi mchana nitakuja nijionee. Kama pamekufa, nitawapa."

"Pamekufa?" nikamwambia. "Njoo uone watu!"

Nikakata simu. Watu gani? Binti yangu ameshanitengea chumba kwake, na ni mtoto mwema, lakini chumba cha kulala si duka. Mimi bila mtu wa kumpima kiuno na kumwambia amenenepa, nitakuwa nani? Nikitolewa hapa nimekwisha.

Nikafunga safari kwenda kwa majirani wangu wa zamani. Msusi alikubali kabla sijamaliza sentensi. Mama wa vyombo aliuliza tu aje na vyombo gani, maana vyake alishauza. Nikamwambia aje na vya jikoni kwake. Shemeji nilimkuta sebuleni kwa binti yake, ameshika rimoti kama aliyeshikishwa mtoto wa watu.

"Shemeji, Jumamosi unafungua duka."

"Duka lipi? Mimi mzee sasa."

"Mzee wa kutazama televisheni! Njoo ukae tu na nyundo yako. Siku moja."

"Yaani twende tukampige changa la macho binti wa mzee wetu?"

"Tunamwonyesha palivyokuwa. Huko si kudanganya, ni kukumbusha."

"Njia ya mwongo ni fupi, shemeji."

"Basi tutafika mapema."

Akacheka, na kicheko chake kikaishia kwenye kikohozi. "Siku moja," akasema. "Na baada ya hapo usinisumbue tena."

Jumamosi asubuhi, lo, ungetuona! Mama wa vyombo alipanga sahani zake za nyumbani dirishani, na sufuria moja bado ilikuwa na masizi. Msusi alimkalisha mpwa wake chini ya dude la kukaushia nywele, na umeme ulikwisha katwa zamani. Msichana wa watu akakaa humo, kichwa ndani ya dude, ametulia tuli. Shemeji alijifunga aproni yake ya ngozi, akapanga makopo matupu mezani, akaanza kugonga ubao. Kugonga ubao tu! Nikaingia dukani kwangu nikacheka peke yangu hadi machozi.

Mgeni wetu tulimtarajia mchana, kwa gari refu na miwani myeusi. Kwa hiyo hatukumjali dada mmoja mwembamba aliyekuja asubuhi kwa miguu, begi mgongoni, akitazama juu kwenye mabati. Mbele ya duka la shemeji kuna tofali la njia lililong'oka, ambalo nimelilalamikia hadi nimechoka. Dada akajikwaa pale, mkanda wa kiatu ukachomoka kwenye soli. Akaingia kwa fundi akirukaruka kwa mguu mmoja.

Ukuta wetu ni mwembamba. Nikasikia kila neno.

"Fundi, nisaidie hapa."

"Pole, dada yangu. Tatizo gundi. Hii imekauka tangu mwaka juzi."

"Sasa umefungua duka la nini bila gundi?"

Mtu mwingine angesema gundi iko njiani. Lakini shemeji tangu azaliwe hajui kumdanganya mteja kuhusu kazi. Atakuchelewesha, hatakudanganya.

"Nikwambie ukweli," akasema, "tumefungua leo tu. Anakuja mwenye majengo, tunataka aone pana uhai. Hata yule aliyeko saluni ni mpwa wa msusi."

Ebo! Nikatupa mkasi, nikatoka mbio.

"Shemeji! Mdomo huo kwa nini hukuuleta kwangu niutie pindo? Unamwambia kila mpita njia?"

Dada akanigeukia, kiatu mkononi. "Wewe ndiye Mama Pilipili," akasema. "Sauti naijua. Tuliongea kwenye simu."

Nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Wakati huohuo mama wa vyombo akaja anakimbia, uso wote meno. "Nimeuza! Jamani, nimeuza sufuria yangu ya nyumbani!" Kule saluni, mpwa wa msusi akachomoa kichwa taratibu.

"Kwa hiyo hapa hapana kitu," dada akasema. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniuma.

"Hapana kitu," nikamjibu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yakaniruka. "Nipo mimi. Kila siku nafungua milango hii kama alivyotufundisha baba yako, na naogopa. Naogopa siku nitakayochoka, maana siku hiyo patafungwa kweli."

Akatazama rafu tupu, akatazama barazani ambako maji yangu yalikuwa hayajakauka. Kisha akamnyooshea shemeji kiatu.

"Viatu hivi alininunulia baba. Vinatengenezeka?"

Shemeji akavaa miwani. Akakigeuza huku, akakigeuza kule, akavuta mkanda, akabonyeza soli kwa kidole gumba. Uso wake ukabadilika, ukawa ule wa zamani, wa mtu mwenye kazi mkononi.

"Vinatengenezeka vizuri tu," akasema. "Njoo kesho."

Tukatazamana wote. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kusikia alichosema.

"Kesho?" dada akauliza. "Si umesema mmefungua leo tu?"

Shemeji akakitazama kile kiatu kwa muda, kisha akakiweka mezani katikati ya makopo matupu.

"Kiatu chako ninacho mimi," akasema. "Nitakwenda wapi na kiatu cha mtu?"

Nikamvua dada kile cha pili na kumvika kandambili zangu, maana atatembeaje. Akasema watu wa matairi atawaambia wangoje. "Sijaahidi chochote, mama," akaniambia. "Kwanza nataka kiatu changu."

"Na lile tofali ni lako pia," nikamwambia. Akacheka, akaliruka akienda.

Jioni tukafunga. Mama wa vyombo alinipa ufunguo wake, akaondoka akijiuliza atapikia nini. Msusi akanipa wake, akasema atapita katikati ya wiki kuulizia habari za umeme. Shemeji alivuta mlango, akafunga, akausukuma kwa bega kuhakikisha. Nikanyoosha mkono kama nilivyozoea.

Akautazama mkono wangu, akautia ufunguo mfukoni mwake.

"Kesho nafungua mwenyewe," akasema. "Nitapitia gundi kwanza, kwa hiyo usianze kelele nikichelewa."

Nikamwambia nyundo yake asiilete. Nilisema hivyo nikiwa nimemgeuzia mgongo, asione ninavyolia.