Jibini la Palaga Lilipopata Homa

Siku ya kupima maziwa, wenye kondoo wote wa kijiji hupanda malishoni juu ya bonde la mto Iza na ndoo zao na chupa za horinka, pombe kali ya plamu. Kila mmoja hukamua kondoo wake, mchungaji mkuu huchovya fimbo kwenye ndoo na kuchonga alama pale maziwa yalipofika. Alama hiyo ndiyo fungu lako la jibini kwa mwaka mzima. Kisha maziwa ya wote humiminwa kwenye sufuria moja. Fimbo haijui kuonja.

Palaga, mjane mwenye kondoo watatu, alisimama nyuma ya Meya Gorzo mwenye kundi zima. Kondoo wa Meya walikuwa na viwele vyekundu vilivyovimba, na maziwa yao yalikuwa na madonge na rangi ya damu. Ndoo zilijaa vilevile.

"Hao wanaumwa, Toader," Palaga alimwambia mchungaji mkuu. "Yangu yaweke kando. Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Hapa hakuna samaki, mama."

"Kuna meya."

Toader alicheka kimoyomoyo, akatazama kama Meya amesikia, akamimina maziwa ya mjane pamoja na mengine. Palaga aliyatazama kwa uchungu yakizama, maana hilo jibini ndilo lililomlisha kila majira ya baridi.

Wiki ile mabonge ya jibini yakaanza kukohoa. Si yote. Mengine yalitulia juu ya ubao, na mengine yakakohoa kikohozi kikavu, kama cha mwimbaji wa kanisani kabla ya kuanza. Mbwa wa malishoni walibweka asubuhi moja tu, wakazoea.

Daktari wa mifugo, Silaghi, alipanda kutoka mjini. Alitia kipimajoto ndani ya bonge, akasoma homa kali. Akachukua damu ya kondoo wa Meya, na kwa kuwa sindano bado ilikuwa mkononi, akachukua na ya jibini. Aliporudi na majibu, wote walikuwa wamekaa kwenye magogo.

"Kondoo akiwa mzima, protini za damu zinakaa kwenye damu, za maziwa kwenye maziwa. Kila mtu na kwake," alisema. "Kiwele kikiugua, ukuta unavuja. Za damu zinahamia kwenye maziwa, na jibini halishikani vizuri."

"Na linakohoa," alisema Palaga.

"Hilo halimo kwenye vipimo vyangu. Nitawachoma sindano kondoo wa Meya."

"Halafu maziwa yao?" aliuliza Meya.

"Yatamwagwa mpaka dawa iishe mwilini."

"Basi wachome msimu ukiisha," alisema Meya, akamjazia daktari glasi. Daktari akanywa.

Majira ya vuli yalipofika, Toader aligawa jibini. Mabonge yaliyotulia yalikwenda kwa Meya, kwa sababu Meya hupokea wageni, na mgeni hakoholewi mezani. Palaga alipewa yanayokohoa.

"Nimekupunja uzito?" Toader alimwuliza.

"Hapana."

"Basi, mama. Kipimo ni kipimo."

Mgonjwa haliwi. Palaga alikula ugali na kabichi ya chumvi, ugali na viazi, kisha ugali. Mabonge aliyaviringisha kwenye mashali ya sufu, akayalaza juu ya jiko la matofali na kuyasugua kwa horinka. Jirani alimwuliza kutoka dirishani, "Una wageni, Palaga?"

"Nina wagonjwa."

Ukweli ni kwamba aliyapenda. Tangu mumewe afe, nyumba ile ilikuwa kimya mno, na sasa alilala fofofo akisikia mtu anakohoa.

Kuelekea Pasaka homa ilishuka. Mabonge yakanyamaza, yakawa meupe na magumu, ya kukatika vizuri. Palaga alinoa kisu na kuandaa kikapu cha kupeleka kubarikiwa kanisani. Mate yalimjaa kinywani.

Toader akabisha hodi, gunia begani. Gunia lilikuwa likikohoa.

"Ya Meya yaliyotulia yameisha, yamebaki haya, na wageni wanakuja kwa sikukuu. Amesikia yako yamepona. Tubadilishane, kilo kwa kilo."

"Hayo yanaumwa, Toader."

"Uzito ni uleule. Pima."

Palaga alipima. Uzito ulikuwa uleule. Alitafuta neno la kusema juu ya mizani, na mizani haikuwa na kosa.

Akamkabidhi mabonge yake, moja moja, yakiwa ndani ya mashali.

"Mwambie ayafunike usiku," alisema. "Yamezoea."

Kisha akafungua gunia, akagusa bonge la juu kwa kiganja, akaenda kuongeza kuni.